Harambee ya Chumba cha Mazoezi kwa Waliopata Kiharusi, Manyatta, Kisumu

Bwana asifiwe, ndugu, majirani na watoto wetu mlio mbali.

Tangu mwaka jana washirika wetu watano wamepata kiharusi. Wote walirudi nyumbani wakiwa hai, na wote tuliwafanyia yale yale: tukawalaza, tukawapikia uji, tukawaombea, tukakataza wasisumbuliwe. Mzee mmoja wa kwaya alilala hivyo miezi miwili hadi mkono ukajikunja kifuani. Wapo walionong'ona kwamba ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Ilikuwa presha. Nasi hatukujua ni kazi gani iliyokuwa ikiendelea kichwani mwake wiki zote hizo.

Viharusi vingi hutokea donge la damu linapoziba mshipa, kama gugumaji linavyofunga njia ya mitumbwi pale Dunga. Sehemu iliyokosa damu kabisa hufa, na hiyo hairudi, tusidanganyane. Pembeni yake hubaki ukingo ulionusurika ukiwa na njaa ya oksijeni. Seli za huko hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa midogo ya jirani ikiipata huanza kuchipuza. Huanza ndani ya siku chache na kuendelea kwa wiki kadhaa. Seli moja hutangulia kama ncha ya rando la kiazi kitamu, nyingine zikigawanyika nyuma yake, hadi chipukizi likutane na mwenzake na damu ipite. Njia yenyewe ni nyembamba mno. Chembe nyekundu za damu hupita moja moja, tena kwa kujikunja. Mwanzoni mishipa hiyo huvuja, mpaka seli nyingine ziikumbatie na kuikaza.

Panya wa maabara waliofanyishwa mazoezi baada ya kiharusi walionekana kuchipuza mishipa mingi kuliko waliokaa tu. Binadamu si panya, najua, na hakuna anayesema mgonjwa akokotwe siku ya kwanza. Lakini miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo mtu hurudisha nguvu kwa kasi zaidi, na ndiyo hiyo sisi tunaimalizia kitandani.

Kwa hiyo tunaomba Sh240,000. Sehemu kubwa ni ya fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aje mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, na nauli ya tuktuk kwa wasioweza kupanda boda. Zinazobaki zitanunua mashine mbili za presha na mabomba ya vyuma vya kushikilia mtu akijifunza kutembea. Kuchomelea ni bure: fundi wetu wa jua kali amekataa malipo, baba yake ni mmoja wa wale watano. Chumba tunacho, kile cha nyuma kilichokuwa stoo ya viti.

Tutachanga Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya pili. Asiye na pesa alete kuku, mkungu wa ndizi au mboga, tutapiga mnada. Mlio mbali, tumeni kwa mweka hazina. Kila shilingi itasomwa mbele ya washirika na risiti zitabandikwa mlangoni.

Mzee wa kwaya ameomba awe wa kwanza kushika vile vyuma. Tafadhali mje mapema, viti ni vichache.