Kabla ya kuagiza gari la kasi, tuulize lilipangwa kwa petroli ipi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie mjadala ambao hauishi kila gari la kasi linapotajwa magazetini: je, mwenye uwezo wa kununua gari la aina hiyo aagize lile lililotengenezwa kwa soko la Japani, au anunue toleo la gari hilohilo ambalo wakala rasmi wa kampuni huliuza katika nchi anamoishi? Waandishi wengi hulimaliza suala hili kwa kuziweka sambamba tarakimu mbili za nguvu za farasi na kumtangaza mshindi, ambaye karibu kila mara ni gari la kuagiza. Kwa maoni yangu, tarakimu hizo ndizo zenye msaada mdogo kuliko taarifa zote anazoweza kupewa mnunuzi, na mtu anayekusudia kuliendesha gari lake kila siku afadhali achukue toleo la wakala, isipokuwa pale ambapo tofauti iko kwenye vyuma vyenyewe na anao uwezo wa kuvitunza.

Nianze na tarakimu, kwa kuwa ndizo zinazovuta macho. Tangu 1989 hadi 2004 watengenezaji wa magari wa Japani walishikilia makubaliano ya hiari kwamba gari lolote la soko lao la ndani lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280, na magari hayo yalifungwa kidhibiti kilichoyazuia kupita kilomita 180 kwa saa. Baadhi ya injini zilikizidi kiwango hicho hata zilipokuwa mpya, lakini karatasi zote ziliendelea kusema 280 kwa heshima ya makubaliano. Ndiyo sababu Toyota Supra iliyoingia sokoni 1993, ile yenye turbo mbili (vifaa vinavyoisukumia injini hewa zaidi), iliandikwa 280 Japani ilhali Marekani iliandikwa 320 na Ulaya ikapita hapo kidogo. Anayesoma haraka ataona tofauti ya farasi 40 na kudhani amekwisha kuelewa. Tofauti yenye maana ilikuwa ndani ya turbo: zile za Japani zilikuwa na gurudumu la kauri, ambalo ni jepesi na huwahi kuanza kusukuma hewa, lakini huvunjika msukumo ukiongezwa kupita kiasi, zile za nje zilikuwa na gurudumu la chuma, zito kidogo lakini stahimilivu, na pamoja nazo zikaja nozeli kubwa zaidi za kumwagia petroli. Kwa hiyo mtu aliyeagiza Supra ya Japani akiamini ndiyo halisi, kisha akampa fundi kazi ya kuiongezea nguvu, alikuwa amenunua gari lenye turbo dhaifu zaidi kwa kazi hiyohiyo aliyoikusudia.

Sisemi kwamba toleo la wakala hushinda daima. BMW iliwauzia Wamarekani M3 ya kizazi cha E36 yenye nguvu za farasi 240, wakati wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakiuziwa gari lenye ujazo uleule wa lita 3 likiwa na 286 na mlango wa hewa wa peke yake kwa kila silinda. Hapo mnunuzi wa Marekani alikuwa na haki ya kunung'unika, kwa maana alipewa injini nyingine kabisa ndani ya gari lenye jina lilelile. Lakini Toyota GR Yaris ilipotoka 2020 ikiwa na 272 Japani na 261 Ulaya, watu walibishana kana kwamba farasi 11 wanaweza kuhisiwa na dereva wa kawaida barabarani. Siamini kwamba wanaweza.

Jambo ambalo ningependa lichukue nafasi ya tarakimu hizo ni petroli, nalo linatajwa mara chache mno. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujilipukia kabla ya moto wa plagi kuifikia. Petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani ina okteni inayokaribia 100, na wahandisi waliopanga injini za turbo kwa soko lile walizipanga wakijua dereva atajaza hiyo. Nchi nyingi huuza 95, na nyingine chini ya hapo. Gari lililopangwa kwa 100 likijazwa petroli hafifu, mchanganyiko wa hewa na mafuta hujilipukia wenyewe kwenye kona za silinda, na hapo ndipo fundi husema injini inagonga. Injini za kisasa zina kifaa cha kusikiliza mgongano huo, ambacho huiambia kompyuta icheleweshe cheche. Injini husalimika, lakini nguvu hushuka. Maana yake ni kwamba mwagizaji amelipa farasi 280 na kuwaendesha wachache kuliko hao, na bado anajaza petroli ghali kuliko zote kituoni.

Hiyo ndiyo hali ya heri. Hali ya shari hutokea siku ya joto kali, gari likipanda mlima huku dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, ambapo hewa inayoingia ni ya moto, msukumo wa turbo uko juu, na ucheleweshaji wa cheche hautoshi tena. Pistoni hupigwa kwa nguvu ambayo haikuundwa kuihimili, na sehemu nyembamba zinazoshikilia ringi hupasuka. Gari huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na mmiliki hulaumu ubovu wa gari la mtumba wakati tatizo lilianzia kwenye tangi la mafuta. Toleo linalouzwa na wakala kwa kawaida limepangiwa petroli inayopatikana, na wakati mwingine limebadilishwa hata ujazo wa injini. Subaru WRX STI ya Japani ilibaki na injini ya lita 2 inayotaka kuzungushwa kwa kasi ndipo iamke, wakati ile iliyoingia Marekani kama gari la mwaka 2004 ilipewa lita 2.5, inayovuta mapema bila kuhitaji mizunguko mingi. Haki itendeke: hiyo ya lita 2.5 nayo ina sifa mbaya ya kupasuka pistoni palepale penye ringi, hasa mmiliki anapochokonoa kompyuta ili kuongeza msukumo wa turbo. Toleo la wakala halina kinga dhidi ya ujuaji wa mwenye gari.

Mtetezi wa magari ya kuagiza atajibu kwamba kompyuta ya injini inaweza kupangwa upya kwa petroli iliyopo, naye atakuwa amesema kweli. Kazi hiyo ikifanywa na fundi anayeijua, mwenye mashine ya kupimia nguvu na asiyekisia kwa masikio, karibu nusu ya pingamizi langu huanguka. Ninachoomba ni kwamba gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya gari kabla ya kununua, badala ya kuachwa iwe habari ya kushtukiza baada ya gari kufika.

Kuna suala jingine ambalo nguvu za farasi haziligusi kabisa, nalo ni la uhai wa mtu. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliitishwa kurudishwa duniani kote kwa sababu kemikali ya kuijazia gesi, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, huharibika na kulipuka kwa nguvu iliyopita kiasi, hata kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Takata iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017, na magari yaliyohusika yalikuwa ya kampuni nyingi, zikiwamo Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Mitsubishi na Subaru. Wito wa kurudisha gari hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa katika nchi lilikouzwa. Gari likishapandishwa melini, barua humfuata mtu ambaye hana gari tena, na mmiliki mpya huendelea kuushika usukani wenye mfuko uleule, pengine katika nchi yenye joto na unyevu mwingi kuliko lilikotoka. Wakala rasmi anayo orodha ya magari aliyoyauza yeye, lako halimo. Yeyote anayeagiza gari la miaka ile anapaswa kuliulizia kwa namba ya chasisi kwenye kumbukumbu za kampuni iliyolitengeneza, na kuubadilisha mfuko ikiwa haujabadilishwa, kabla hata ya kufikiria rimu.

Namba hiyo ya chasisi nayo ina visa vyake. Gari la soko la ndani la Japani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ambayo kompyuta za mawakala wengi huidai. Lina msimbo mfupi unaofuatwa na namba ya mfululizo, kama BNR34 kwa Nissan Skyline GT-R ya mwisho. Mwuza vipuri asiyeujua msimbo huo atakuletea kipuri cha gari lenye jina kama la kwako lakini lisilo lako. Kwa pedi za breki utapoteza muda tu. Kwa gia boksi ya gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne unaweza kupoteza gari. Matoleo ya Subaru Impreza yalitofautiana uwiano wa meno ya mwisho, yaani mizunguko ya shafti kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, mengine 3.90, mengine 4.11, mengine 4.44, na kinachotakiwa ni kwamba mbele na nyuma vilingane. Ukifunga gia boksi ya 4.11 iliyotoka kwenye toleo la wakala na kuiacha difu (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu) ya nyuma ya 3.90 iliyokuja na gari la Japani, mbele na nyuma hupigana kila mzunguko hadi difu ya katikati iungue. Fundi mwenye haraka haoni tatizo, kwa kuwa boliti zote zimeingia vizuri. Yaliyobaki ni madogo: redio inayokomea masafa ya 90, na taa za mbele zilizopangwa kwa wanaoendesha upande wa kushoto, ambazo ni kero na ni hatari pale watu wanapoendesha upande wa kulia.

Sasa niseme ni wapi ningeagiza bila kusita. Honda Civic Type R ya 2001 iliunganishwa Swindon, Uingereza, kwa ajili ya Ulaya na kwa ajili ya Japani pia. Iliyosafirishwa kwenda Japani ilikuwa na nguvu za farasi 215 badala ya 200, jambo ambalo nisingelijali, lakini ilikuwa pia na difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure wakati wa kutoka kwenye kona, ambayo ile ya Ulaya haikuwekewa. Hiyo ni tofauti ya chuma, inayohisiwa mikononi kila siku, na kuifunga baadaye kunalazimu kuipasua gia boksi. (Kuna kichekesho katika Mwingereza anayeagiza kutoka Japani gari lililotengenezwa kwao, lakini kwa sababu hiyo ninamwelewa.) Vivyo hivyo kwa Skyline GT-R, ambayo sehemu kubwa ya dunia haikuuziwa kabisa na wakala, hivyo hakuna cha kuchagua. Hata hapo, zile chache za R34, kizazi cha mwisho, zilizouzwa rasmi Uingereza ziliongezewa vipoza mafuta kwa injini, gia boksi na difu, kwa sababu Nissan ilijua zitakwenda kasi kwa muda mrefu kuliko kule kwenye kikomo cha 180. Mwenye kuagiza ya Japani angefanya vyema kuiga orodha hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Subaru P1. Wauzaji rasmi wa Subaru nchini Uingereza walipoona wateja wanawakimbia na kuagiza Impreza za Japani, hawakuishia kulalamika. Waliipa kampuni ya Prodrive kazi ya kuandaa gari la milango miwili lenye nguvu zilezile 280, likiwa limekidhi sheria za Ulaya na shokomzoba zake zimepangwa kwa barabara za Uingereza. Yalitengenezwa 1,000, na leo yanatafutwa na wakusanyaji. Wakala anayemlaumu mteja wake kwa kuagiza angejiuliza kwanza yeye mwenyewe ametengeneza nini.

Kuhusu karatasi za mnada, yaani ripoti za ukaguzi wa gari zinazoandikwa kwenye minada ya Japani, nitasema machache, maana zimekwisha kuandikwa sana. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, herufi R inaashiria gari lililowahi kufanyiwa matengenezo makubwa ya bodi, na karatasi ya kudai ni ile ya awali yenye maandishi ya Kijapani, iliyo na kilomita za siku ya mnada. Muuzaji anayetoa tafsiri peke yake hajatoa karatasi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wako wa magari unapochapisha sifa za gari la kasi, chini ya nguvu za farasi ziongezwe taarifa nne: tarakimu hizo ni za soko la nchi gani, kampuni inataka petroli ya okteni ngapi kwa injini hiyo, msimbo wa chasisi ni upi, na difu yake ni ya aina gani. Zote zimo kwenye vitabu vya kampuni, na mistari miwili inazitosha.

Msomaji wako wa siku nyingi