Nafasi ya utawa kwa sisi wenye mvi

Mhariri,

Nina miaka 61. Nimefundisha shule za msingi hapa Malindi na kule Magarini kwa miaka 34, nikastaafu mwaka jana. Sikuolewa. Nilipokuwa na miaka 24 nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba kuingia utawani, mara mama akapooza upande mmoja, na wa kumtunza nilikuwa mimi. Nilimtunza miaka 19 na sijutii hata siku moja. Matanga yake yalipokwisha nikaenda tena kubisha hodi kwa masista. Sista aliyenipokea alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwao mwisho ni miaka 30.

Simlaumu. Lakini watu wengi, hata makatekista, hudhani kwamba ni Kanisa lililoweka kikomo hicho, na si kweli. Sheria ya Kanisa inataka anayeingia unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, awe ametimiza miaka 17, asiwe na mume na asiwe amefungwa na nadhiri mahali pengine. Umri wa juu kila shirika hujipangia lenyewe. Basi kama hakuna hapa kwetu shirika linalopokea mwanamke wa miaka 50 au 65, ninachoomba ni kwamba jumuiya ya namna hiyo ianzishwe, na ianzishwe katika Jimbo la Malindi.

Tuko watano. Kila Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi tunakutana kwangu, Muyeye. Tunasali Masifu, ile sala ya Kanisa ya zaburi, kwa kupokezana, na zaburi nimezinakili kwa mkono kwa herufi kubwa kwa sababu wawili wetu wana mtoto wa jicho. Mwenzetu mmoja anaishi kwa kushona makuti ya kuezekea. Tunaposali rozari hawezi kukaa mikono mitupu: anakunja jani la mnazi juu ya ufito, anashona, anasogeza, anakunja jingine. Siku moja nilimtazama nikagundua kwamba hashiki rozari kabisa, anahesabu kwa majani, na kila kumi likitimia anaacha nafasi ndogo kwenye ufito. Nilikaa kimya. Huyu hajasoma zaidi ya darasa la tatu, na sala yake imetulia kuliko yangu.

Mwingine ametoka kijijini huko Magarini, na habari yake ndiyo iliyonisukuma kuandika. Wasomaji wa kaunti yetu ya Kilifi hawahitaji kuelezwa jinsi wazee wetu wenye mvi wanaoitwa wachawi wanavyouawa. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na wiki hiyohiyo watoto wa kaka yake wakaacha kula chakula alichopika. Akaelewa. Alifunga nguo zake usiku akaja mjini. Mpaka leo kila mwezi anapaka piko ili mvi zisionekane, na ukimkaribia unaona alama nyeusi pembeni mwa masikio pale rangi ilipomwagikia ngozi. Ana imani kubwa na mikono yenye nguvu, hana mume wala mtoto. Kwa desturi zetu mwanamke wa namna hiyo akizeeka anakuwa mzigo wa mtu, au anakuwa mshukiwa. Sitaki apewe tu mahali pa kulala. Nataka awe na dada zake wanaomwita kwa jina wakati wa sala, na kazi ya kufanya kila asubuhi.

Nimeshaambiwa tujiunge na chama cha kina mama parokiani. Tumo, tena miaka mingi. Lakini baada ya mkutano kila mama anarudi kwa familia yake, nasi tunarudi kwenye chumba chenye kitanda kimoja. Tunataka maisha ya pamoja: kengele moja, meza moja, nadhiri ikiwa Kanisa litaturuhusu.

Wala hili si jambo geni katika Kanisa. Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu wajane wa kuandikishwa, aliweka umri wa chini, nao ulikuwa miaka 60. Ana binti Fanueli alikuwa na miaka 84 pale hekaluni. Mwaka 1610, mjini Annecy, ambao leo uko Ufaransa, Mtakatifu Fransisko wa Sales na Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal, ambaye mwenyewe alikuwa mjane na mama wa watoto, walianzisha shirika lenye jina la Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Walitaka hasa wanawake ambao umri au afya yao haikuweza kubeba mifungo na mikesha ya monasteri za wakati ule.

Najua pia kwamba hatuwezi kuamka kesho tukajiita masista na kushona sare. Tangu Novemba 2020 Askofu hawezi kuanzisha shirika la kitawa jimboni bila kibali cha maandishi kutoka Vatikani, na mwaka 2022 Papa Fransisko aliongeza kwamba hata chama cha hadhara cha waamini, yaani kile kinachoundwa na mamlaka ya Kanisa, kinachoelekea kuwa shirika kinahitaji kibali hicho. Ni vizuri. Wanawake wapweke wenye pensheni ni rahisi kudanganywa na mtu anayedai ametokewa. Ila kanuni ya 215 ya Sheria ya Kanisa inawapa waamini haki ya kuunda vyama vya ibada na huruma, na hapo ndipo tunapotaka kuanzia, bila shela na bila cheo, tukiangaliwa na paroko miaka kadhaa.

Kuhusu mali nimesikia maneno, hasa kutoka kwa wapwa zangu. Kila mmoja wetu atabaki na chake na wosia wake utakuwa kwa wakili. Cha pamoja ni kile cha mwezi: mimi nina pensheni, mmoja ana zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, kwa kuwa ameshapita miaka 70, wengine makuti, mahamri na ushonaji. Nimepiga hesabu mara tatu na unga, mchele na kodi vinatosha. Kisichotosha ni siku mmoja atakapolazwa, na hilo sijapata jibu lake.

Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2000, nalo linafika mpaka Tana River na Lamu. Sidhani kwamba katika eneo lote hilo tuko watano tu. Namwomba Baba Askofu atupe padri mmoja wa kutusikiliza, hata mara moja kwa mwezi, atupime kama wito huu ni wa Mungu au ni upweke wetu tu. Swali hilo najiuliza usiku na siogopi kuulizwa.

Na kwa mwenye nyumba atakayesoma hapa: tunatafuta ya kupanga, vyumba vitano, isiyo na ngazi, ambayo mtu mwenye magoti mabovu anaweza kutoka na kufika kanisani kwa miguu kabla Misa ya asubuhi haijaanza.

Mwalimu mstaafu,
Muyeye, Malindi