Kuhusu binti utakayempokea

Brooklyn Park, Minnesota

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Nimefurahi kusikia mmekubali kumpokea binti wa Kiholanzi mwezi wa nane, aje akae kwenu kama mwanafunzi wa programu ya kubadilishana wanafunzi. Umeniuliza jambo moja tu, mtafanyaje akipata boifrendi, nami nitakujibu kwa kirefu, maana nasi lilitushughulisha sana tulipokaa na yule wetu wa Ujerumani.

Ongea naye wiki ya kwanza, kabla hajapata wa kumpenda. Ukingoja hadi jina la mvulana litajwe, kila utakalosema ataona unamchukia huyo kijana. Ila anza na mama yake, kwa simu ya video. Uholanzi si ajabu mzazi kumruhusu boifrendi wa binti wa miaka 16 au 17 alale nyumbani. Wanaona heri hivyo kuliko watoto kujificha. Usimshangae mama wa watu. Mwambie kwako hilo halipo, mkubaliane, kisha binti aelezwe nyote wawili mkisikia, asije akaambiwa hili huku na lile kule.

Masharti yetu yalikuwa machache. Mvulana aingie ndani atusalimie, asipige honi barabarani. Wakae sebuleni, chumbani hapana. Na tujue wanakwenda wapi, nani anaendesha, wanarudi saa ngapi.

Hilo la gari lishikilie. Programu nyingi zinamkataza mwanafunzi mgeni kuendesha, kwa hiyo atapakiwa na vijana wenzake. Hapa Minnesota kijana wa chini ya miaka 18, kwa miezi 6 ya kwanza ya leseni yake, kwa kawaida haruhusiwi kuendesha kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wala kupakia zaidi ya mtu mmoja wa chini ya miaka 20 asiye wa familia yake. Ulizia sheria ya huko kwenu Texas ikoje. Hata umri wa kuridhia mapenzi kisheria unatofautiana: huku 16, kwenu 17. Mratibu wa programu, ambaye ni lazima awasiliane nanyi na binti kila mwezi, mwombe amfafanulie hayo mapema. Likitoka kwake halitakuwa ukali wa mama mwenye nyumba.

Na tafadhali, usimwekee sharti ambalo mwanao wa kiume hana. Nyumba zetu nyingi binti anarudi saa tatu, kaka anarudi akipenda. Mimi silikubali hilo, na mgeni wako ataliona kila Ijumaa.

Kisha kumbuka mtoto huyu hana shangazi wala dada mkubwa Marekani. Sisi tulikuwa na masomo na makungwi wa kutufunda. Yeye ana wewe. Ndiyo maana nasi tulijiwekea sharti: yule wetu wa Ujerumani akipiga simu saa yoyote tunamfuata, maswali kesho. Usiku wa dansi ya shule alipiga. Baba watoto alivaa koti juu ya nguo za kulalia akaenda, na njia nzima hakumwuliza kitu. Walipofika nikachemsha chai ya tangawizi, nikamwekea kikombe, nikakaa kimya. Kikombe cha pili ndipo alipoanza kusema, mwenyewe, tukakesha jikoni. Kijana alikuwa amelewa na alitaka kumrudisha kwa gari. Binti alikataa kupanda.

Karatasi ya masharti yetu ninayo bado. Nitaipiga picha nikutumie leo jioni, ubadilishe utakavyo, lakini hilo la simu usiliondoe.

Wako akupendaye,
Mama Salma