Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha hoki ya magurudumu, wa Unguja na wa tawi letu la Pemba, assalaam alaykum.

Kwenye mkutano mkuu uliopita mlinipa kazi moja kubwa na nyengine ndogo ndogo. Ndogo nitazipitia mbio. Kubwa mnaijua: mlipitisha, kwa mikono mingi na makofi mengi zaidi, kwamba chama "kianze taratibu za kuunda timu ya wanaume ya Zanzibar ya hoki ya barafuni na kuiombea nafasi katika mashindano ya kimataifa." Nimenakili neno kwa neno kutoka daftari la katibu, maana wako walionifuata baadaye wakisema walidhani tunapigia kura fulana mpya.

Jibu langu ni bado. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuanza kupiga simu.

Azimio lile, tusifichane, lilizaliwa kwenye simu ya mwanachama mmoja pale barazani Kikwajuni. Ndani yake mlikuwamo mechi ya Latvia na Marekani ya Mei 2023, ya kugombea nafasi ya tatu ya dunia. Latvia wako nyuma 3–2, kipindi cha tatu kinayoyoma, beki wao Kristians Rubīns anasawazisha. Unakuja muda wa nyongeza, beki yule yule anafunga la nne. Medali ya kwanza katika historia yao. Bunge lao likakaa usiku ule ule na kuifanya Jumatatu ya tarehe 29 kuwa siku ya mapumziko. Video ilipokwisha akatokea mjuzi akauliza Latvia wako wangapi. Wakatafuta: hawafiki milioni mbili. Na sisi kwa sensa ya 2022 tuko 1,889,773. Basi hapo ndipo yalipoanza mambo. "Wao watu wetu sisi!" Tangu siku hiyo baraza lile linaitwa Latvia, na mimi mwenyewe nimeshaelekezwa nyumba ya mtu kwa kuambiwa "ukishapita Latvia, mkono wa kulia."

Nami hesabu ile ilinigusa, sitaki kujifanya mzee mwenye busara. Nikaanza kazi kwa hamu.

Nianze na suala la kiti, yaani Zanzibar kupokewa kivyake kimataifa, kwa sababu ndilo lililowachemsha wengi. Sote tunakumbuka 2017: Machi CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakatupokea kuwa mwanachama kamili, Julai wakatutoa, na mwisho wa mwaka ule ule Zanzibar Heroes, timu yetu ya soka, wakafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos na kutolewa kwa penalti na Kenya. Kidonda kile hakijafunga. Kwa hiyo baadhi yenu mliniandikia kwamba hata barafuni tutaambiwa Zanzibar si nchi, tusijisumbue. Nimechimba, na jibu si jepesi kama hivyo. Hong Kong ni sehemu ya Uchina, na Macau vile vile, lakini zote mbili ni wanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni na zina timu zao. Upande wa pili, Uingereza, ambayo kwenye soka inaingiza England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja kivyake, barafuni ina timu moja tu. Mlango haukufungwa, wala haukuachwa wazi. Ila ukiniuliza mimi, tumeugeuza mjadala wa kiti kuwa pango la kujificha. Tukipewa kiti kesho asubuhi, nani atakikalia?

Mashindano yao yamepangwa kama ngazi. Juu kabisa zipo timu 16, na chini yake madaraja mpaka la nne, mengi yakiwa na makundi yake. Anayeongoza kundi hupanda, wa mwisho hushuka. Iceland, nchi yenye barafu mpaka kwenye jina, haijawahi kufika kwenye zile 16. Latvia wenyewe, walipopata tena uhuru wao 1991, hawakupewa nafasi ya juu kwa heshima ya wachezaji waliowahi kuwatoa enzi za Usovieti. Waliwekwa kundi la tatu mwaka 1993, wakapanda la pili, na 1997 ndipo wakaingia la kwanza. Hawajashuka mpaka leo. Na wale walianza wakiwa na viwanja, makocha, na watoto wanaovaa vyuma miguuni kabla hawajajua kusoma. Hapo ndipo hesabu ya "wao watu wetu sisi" inapokatika.

Mzee mmoja wa chama alinikumbusha Moscow 1980. Nafasi ilipatikana baada ya nchi nyingi kususia michezo ile, na Tanzania ikapeleka timu ya magongo ya nyasi. India walitufunga 18–0. Siwacheki wazee wale, walivaa jezi na wakasimama dakika zote. Lakini kile kilikuwa kiti kilichopatikana kwanza, timu ikatafutwa baadaye. Nilipolisema hili kwenye kamati, katibu wetu, ambaye hashindwi kwa hoja, akanijibu kwamba wanawake wa Zimbabwe nao walialikwa dakika za mwisho mwaka huo huo, na wakarudi na dhahabu. Kweli. Lakini wao magongo walikuwa wanayacheza kabla barua ya mwaliko haijafika. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na kikao kikaahirishwa bila mshindi.

Nairobi sasa. Vijana wanane, mimi wa tisa. Boti mpaka Dar, basi mpaka Arusha, Namanga, mpaka Nairobi, kila mtu kwa nauli yake isipokuwa wawili waliosaidiwa na chama. Tulikwenda kwa sababu pale hoteli ya Panari upo uwanja wa barafu tangu 2005, na ndipo walipokulia Ice Lions wa Kenya, timu ambayo kwa miaka haikuwa na timu nyengine ya kucheza nayo nyumbani. Hawa ndio waliopelekwa Canada mwaka 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa mchezo huu. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa na shirikisho la kimataifa kama mwanachama mshiriki. Hesabuni wenyewe: tangu uwanja kufunguliwa mpaka kupokewa, miaka kumi na tisa. Na huo uwanja wenyewe ni mdogo kuliko wa mashindano, ambao kwa kawaida una urefu wa mita 60.

Vijana wetu, mnawajua, juu ya magurudumu ni ndege. Wakafunga viatu vya chuma, wakaingia, wakaondoka kwa mwendo ule ule wa nyumbani Maisara. Kuondoka si kazi. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi. Kwenye magurudumu unaburuza mguu wa nyuma na unasimama. Kwenye barafu inabidi ugeuze vyuma vyote viwili ubavu na kuikwangua barafu, nalo ni jambo ambalo mwili unalikataa mpaka uanguke mara nyingi. Wetu walisimama kwa kugonga ukuta, mmoja baada ya mwengine, kama madumu yanayoshushwa kwenye jahazi. Pembeni yao alikuwapo mtoto wa kike, sidhani kama alikuwa na miaka tisa, anazunguka kinyumenyume huku anaongea na mwenzake. Aliwakwepa wote wanane. Kapteni wetu alitoka nje, akavua kofia ngumu, akaniambia, "Mwenyekiti, yule mtoto ndiye Latvia."

Sina la kuongeza kwenye maneno ya kapteni, ila baridi. Barafu ile tuliikalia kidogo tu na bado tulitoka na suruali zimelowa na meno yanagongana. Sisi barafu tuliyoizoea ni ya kuwekea samaki na ya kwenye juisi ya ukwaju.

Walioniuliza kama tunaweza kujenga uwanja wa namna hiyo hapa, nimeulizia kwa mafundi wa majokofu. Chini ya sakafu ya saruji hulazwa mabomba, ndani yake hupita maji ya chumvi yaliyopozwa, na juu humwagiwa maji safu baada ya safu mpaka barafu ifikie unene wa sentimita chache. Halafu ibakishwe kwenye nyuzi tano hivi chini ya sifuri, usiku na mchana, ndani ya hewa yetu hii yenye unyevu ambayo hata chumvi kwenye kikopo inaganda. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara. Waliokuwapo kuanzia Disemba 2009 wanakumbuka miezi mitatu ya giza. Fundi mmoja aliniambia, bila kucheka, kwamba siku umeme utakapokatika tutakuwa na bwawa la kuogelea. Kwa hiyo barafu tuiache Nairobi, tuwe tunaifuata. Sisi mchezo wetu ni wa magurudumu juu ya saruji, na si aibu. Wachezaji wengi wa Kenya walianzia huko huko kwenye magurudumu.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu lipo kwenye hesabu na mhazini hakukubali kulificha, Mungu ambariki.

Mwezi wa nne nilinunua robota la viatu vya magurudumu vya mtumba kutoka Dar. Mnajua sharti la robota: hulifungui mpaka ulilipie. Nililipa shilingi 1,150,000, fedha ambayo kamati ilikuwa imeitenga kwa vifaa vya timu ya wanaume, na nilifanya hivyo kwa kauli ya simu tu, bila kikao. Tulipolifungua pale bandarini mlikuwamo jozi 31. Za kuwatosha watu wazima zilikuwa sita. Zilizobaki zilikuwa za watoto, nyengine zina rangi ya waridi na vipepeo. Wachezaji wa timu ya kwanza walinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Muuzaji nilipompigia alinikumbusha sharti la robota.

Viatu vikakaa kwenye stoo wiki tatu. Kisha mwalimu mmoja wa skuli ya jirani, ambaye ni mwanachama wetu, akaomba jozi kumi awajaribie wanafunzi wake Jumamosi. Wiki iliyofuata akaja kuchukua zilizobaki. Mpaka Disemba watoto wanaokuja hawapungui 22, na tisa kati yao ni wasichana. Wazazi wa wasichana walikuja kwangu na masharti: saa yao mbali, mwalimu mwanamke, na mtandio ubaki kichwani chini ya kofia. Yote matatu yametekelezwa, na la tatu lilitatuliwa na fundi cherehani wa Darajani kwa dakika kumi. Fundi huyo huyo ndiye aliyetushonea pedi za kipa kutokana na godoro kuukuu, na kwa ushahidi wangu zinazuia mpira vizuri kuliko zile tulizoagiza.

Mambo madogo. Uwanja: ile sehemu ya kuegeshea magari tuliyokuwa tunaitumia jioni imechukuliwa na mwenyewe tangu Agosti, tunahama hama, na mwezi wa Ramadhani tulicheza baada ya tarawehe kwa taa za pikipiki. Magongo: tuliyochongewa kwa mbao za mninga ni mazuri kwa kutazama na mazito kwa kucheza, manne yamepasuka. Paki, kile kisahani kigumu kinachopigwa barafuni, tumeacha kabisa, haitelezi kwenye saruji, tunatumia mpira mgumu wa plastiki. Pemba: tawi lina wachezaji kumi na moja na uwanja mzuri zaidi yetu, na wana haki ya kulalamika kwamba mwaka mzima tulivuka kwenda kwao mara moja tu. Ada: kwenye daftari tuko 38, waliolipa ni 17. Waliopiga makofi ya timu ya kimataifa walikuwa wengi kuliko 17. Naishia hapo.

Kamati inapendekeza kwa mkutano wa mwaka huu kwamba azimio la timu ya taifa lisifutwe, ila liwekwe pembeni kwa miaka mitano, na kwamba fedha ya vifaa ya 2026 iende kwa watoto na kwa kufundisha waamuzi wawili. Hivi sasa mwamuzi ni mimi, na mnajua macho yangu. Najua pendekezo hili litawaudhi wachezaji wa timu ya kwanza, ambao wengine watakuwa wameshapita umri wakati huo. Nimezungumza nao. Watatu wamekubali kufundisha, wawili wamehamia soka, na kapteni amesema atapiga kura ya kupinga kisha atakuja Jumamosi kufundisha kusimama. Nafasi yangu pia iko wazi. Anayedhani robota lile lilitosha kuniondoa, fomu anazo katibu.

Mwisho ni ombi. Jozi saba za watoto zilichukuliwa na wanachama "kwa kujaribia wajukuu" na hazijarudi. Majina ninayo, sitayasoma. Zirudisheni stoo kabla ya Jumamosi saa kumi. Wapo wanaokuja pekupeku na kukaa ukingoni kungoja zamu.

Wenu,
Mwenyekiti