Safari ya Duluth Jumamosi: muda umebadilika

Habarini ndugu zangu wa Minneapolis, poleni na baridi. Jumamosi tunamhamisha mwenzetu Duluth kama tulivyopanga ila utabiri unasema theluji usiku kucha, kwa hiyo hatuondoki tena saa 11 alfajiri, tunaondoka saa 3 asubuhi pale pale paking ya kanisa, magari ya kusafisha theluji yatakuwa yameshapita barabara kuu ya I-35 na tutakuwa tunaona vizuri.

1. Mafuta dola 25 kila mtu, mwisho Alhamisi usiku, mtumieni mweka hazina.

2. Wenye pikapu, naomba tuelewane: 4WD (magurudumu yote manne kuvuta) inakusaidia kuondoka tu, kwenye kusimama haina msaada wowote, uko sawa na yule wa kigari kidogo. Acheni nafasi kubwa, msiwashe kruzi (ile ya gari kushika mwendo lenyewe), na kwenye madaraja punguzeni mwendo mapema maana barafu ya pale inafanana kabisa na lami iliyolowa. Ikiteleza, toa mguu kwenye mafuta, usukani elekeza unakotaka kwenda, usiukate kwa nguvu. Na ukifika lami kavu rudisha 2WD (mawili tu yavute), mtaua gia bure jamani!

3. Upepo wa tairi pimeni asubuhi ile ile, baridi inaushusha.

4. Kila gari blanketi, chepe na mfuko wa mchanga. Mkikwama na injini inawaka, fukueni kwanza theluji kwenye ekzosi, ule moshi unaua.

Nijibuni hapa hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku: unakuja au la, na kama una gari nafasi ngapi.