Mwambie Salim asilipe bado

Columbus, Ohio
Alhamisi usiku

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, watoto wazima, mama yao anakusalimu na anauliza ile dawa ya kifua uliipata kwa nani. Najua sijakuandikia tangu Idi, na ujumbe wako wa sauti nimeukalia siku tisa. Niwie radhi. Nilitaka nitulie kwanza, maana ulichoniuliza hakijibiki kwa dakika moja nikiwa garini.

Unasema Salim amepata mtu wa kumletea kufuli za infraredi, hizi za kufunguliwa kwa mwanga, za zile mashine zake za kuuzia maziwa, na anatakiwa atoe nusu ya pesa kabla mwezi haujaisha. Mwambie asilipe bado. Sisemi asinunue. Asilipe mpaka asikie haya.

Kufuli hizi nazijua, ndizo zinazonilisha siku hizi. Mashine za soda na biskuti za huku, zile za hospitalini na viwandani, kwa miaka mingi zilifungwa kwa kufuli ya duara, ya ufunguo kama bomba, pini saba zimejipanga mviringo. Bila shaka unaikumbuka, tuliletewa moja pale Kongowea, marehemu fundi wetu akatukataza kuigusa mpaka tuichore kwanza. Ukizungusha ufunguo, mkono wa mlango unachomoka nje, unauzungusha na wenyewe mpaka mlango uachie. Kazi nzuri sana ya chuma. Lakini pini zote zimekaa mbele, na watu wakabuni kifaa cha kuzisukuma zote kwa pamoja. Mwaka 2004 huku ikawa habari ya kila mtu: kufuli za baiskeli za jamii hiyo zilifunguliwa kwa bomba la kalamu ya Bic. Kalamu, Athumani!

Tena kuna balaa la ufunguo kupotea. Mtu ana mashine 80, zote ufunguo mmoja ili dereva asibebe mzigo. Ufunguo ukidondoka, kufuli zote 80 hazina amani tena. Nimewahi kuzibadilisha, siku sita, nikirudi nyumbani siwezi kushika kijiko.

Infraredi imeondoa hayo, na lazima niseme kweli. Ni mwanga wa aina ile ya rimoti ya TV, jicho haliuoni, ingawa kamera ya simu mara nyingi huonyesha nukta ya zambarau. Hakuna tundu la kuchokoa wala pini za kusukuma. Dereva anaelekeza ufunguo, nao ni kifaa mfano wa rimoti, kwenye kijidirisha cha kufuli, viwili hivyo vinapeana namba za siri, kijimota cha ndani kinaachia ulimi. Ufunguo ukipotea, unafuta namba yake tu. Unaweza hata kuuwekea saa za kazi, nje ya hapo haufungui. Na kila mlango ukifunguliwa kufuli inaweka kumbukumbu: ufunguo namba fulani, tarehe fulani, saa fulani.

Kumbukumbu hiyo ndiyo Salim anayoitaka, si eti? Anataka kuwajua vijana wake.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Machi niliitwa na mwenye mashine mmoja hapa, nikatoboe kufuli iliyogoma. Kumbe mfagizi alichomoa waya wa mashine, na betri ya akiba ya kufuli ilikuwa imekufa zamani. Nikiwa nafanya kazi, tajiri akanieleza kwamba amemsimamisha dereva wake. Huyo dereva namfahamu, ni mzee wa Bukavu, tunakutana duka la unga wa muhogo, namwita Papa kama wanavyoitana wenyewe. Kosa lake ni kwamba kumbukumbu zilionyesha ufunguo wake umefungua mashine saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, siku tano mfululizo, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili. Pesa nazo zilikuwa pungufu. Tajiri akajumlisha mbili na mbili.

Nikaomba nione hizo tarehe. Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Na Jumapili ya kabla yake ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi wa Machi, siku ambayo huku watu wote husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Kompyuta ya ofisini ilijisogeza yenyewe. Kufuli hazikusogezwa na mtu. Nikafungua mashine nyingine mbele yake, nikamwonyesha saa ya mkononi, tukasoma kumbukumbu pamoja: nyuma saa moja kamili. Mzee alifika saa kumi na mbili na dakika kumi kama kila siku ya maisha yake. Kinachoniuma zaidi, tajiri angeuwekea ule ufunguo mipaka ya saa, mlango ungegoma Jumatatu ile ile na kosa lingejulikana mapema. Hakuweka. Alitaka kumbukumbu tu.

Papa amerudi kazini. Wiki mbili hakulipwa, na zile pesa hazijajulikana zilikokwenda hadi leo, kwa hiyo bado anatazamwa vibaya. Nimejaribu kusema na yule tajiri mara mbili. Nikilala nalifikiria.

Najua huko kwetu saa hazisogezwi. Lakini betri ikifa, saa ya kufuli inaweza kupotea nayo, na stima ya Kongowea unaijua kuliko mimi. Na hata saa ikiwa sawasawa, kufuli inaandika namba ya ufunguo, mkono ulioushika haiujui. Ufunguo ukiachwa juu ya meza wakati wa chai, akauchukua mwingine, je? Sijasahau Salim alivyomfanyia yule kijana wa Likoni, na wakati ule hakukuwa na kompyuta ya kumshahidia.

Basi amuulize muuzaji: kufuli inakula umeme wa wapi, na ukikatika mlango unafunguliwaje bila kutobolewa. Nani atakaa na programu na namba za siri, maana kama ni muuzaji peke yake, Salim atakuwa mpangaji kwenye mashine zake mwenyewe. Saa inarekebishwaje, na nani atakayeikagua kila mwezi. Na maziwa! Huku nusu ya simu ninazopigiwa ni sharubati ya soda imekauka kwenye kijidirisha, mwanga haupiti. Siku hizi kabla ya drili natoa kitambaa chenye spiriti. Pia mashine isitazame jua la adhuhuri, jua lenyewe lina infraredi tele na kufuli inaweza isiusikie ufunguo. Kuziba kwa kiganja kunasaidia.

Kuna jambo jingine nilitaka kukwambia kuhusu kiwanja cha Mtwapa, lakini hilo acha mpaka nikupigie.

Hebu niambie, huyo muuzaji ni yule yule aliyemletea Bakari mageti? Kufuli umeziona kwa macho au ni picha tu? Unaweza kuomba moja wakuachie wiki uizimie umeme, uipake maziwa, uone? Vijana wa Salim wameambiwa kwamba wataandikwa, au watajua siku ya kuitwa? Na wewe ndiye utakayezifunga? Ukiwa ni wewe, nitalala vizuri kidogo. Yule kijana wa Likoni yuko wapi sasa, alipata kazi?

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, tafadhali. Msalimie mama, mwambie kanzu imefika.

Wako,
Hamisi