Barua ya wazi kwa Waziri Hilary Benn: vueni hilo gunia

Mheshimiwa Hilary Benn, Waziri wa Ireland Kaskazini,

Salamu kutoka Belfast. Nakuandikia kuhusu faili za siri za mauaji ya Troubles, ile vita ya hapa ya miaka thelathini hivi kati ya wanaotaka kubaki Uingereza na wanaotaka kuungana na Ireland, faili ambazo serikali yenu bado imezifunga. Mimi ni Mkenya, mtu wa Nyeri, kazi yangu ni kuhudumia wazee, shifti nyingi za usiku, na sina chama wala bendera mlangoni. Najua Kiswahili hukisomi lakini hilo lisikusumbue, miaka ya hamsini serikali yenu ilikuwa na wakalimani wa Kiswahili na Kikuyu wa kutosha pale kambini Manyani na Mwea, kwa hivyo mkitaka mtapata mmoja.

Watu wa hapa wakinisikia naongea mambo ya Troubles wanashangaa, ati wewe umekuja juzi haya yanakuhusu nini. Sawa, nimekuja juzi. Lakini kuna mtu alitangulia kutoka kwetu kuja huku, naye ni Frank Kitson. Alikuwa ofisa wa jeshi Kenya kuanzia 1953, kazi yake kukusanya habari na kuunda magenge bandia, yaani unamshika mpiganaji wa Mau Mau, unamgeuza, halafu unamrudisha msituni pamoja na maaskari wazungu waliojipaka weusi usoni ili wakawamalize wenzake. Akapewa medali 1955. Septemba 1970 huyo huyo akaletwa Belfast akiwa brigedia, akakaa mpaka Aprili 1972, na ni kipindi hicho ndio kikazaliwa MRF, kile kikosi cha wanajeshi waliovaa nguo za raia wakizunguka na magari ya kawaida mitaa ya Wakatoliki wakipiga watu risasi. Amefariki Januari 2024 na miaka 97, jenerali mstaafu, Sir, hakuna korti iliyowahi kumuuliza kitu cha maana.

Na si yeye peke yake aliyesafiri. Kati ya Agosti na Oktoba 1971 walichukuliwa wanaume, jumla yao 14, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Ballykelly wakavikwa vifuniko kichwani, wakasimamishwa kwa kuegemea ukuta masaa na masaa, kelele masikioni, bila usingizi, bila chakula cha maana. Ripoti ya Lord Parker ya 1972, ambayo ni ya serikali yenu wenyewe, iliandika kwamba mbinu hizo zote au baadhi yake zilikuwa zimetumika Palestina, Malaya, Kenya, Cyprus na kwingineko. Kwa hivyo mheshimiwa, usishangae Mnyeri akikuandikia kuhusu Ballykelly.

Sasa nikwambie kuhusu gunia. Kwetu wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya enzi za Mau Mau, hasa ile operesheni ya Anvil Nairobi Aprili 1954, watu walipangwa mstari mmoja mrefu na mbele yao amekaa mtu amefunikwa gunia mwili mzima, matundu mawili tu ya macho. Tulimwita gakunia. Unapita mbele yake, akitikisa kichwa hivi unarudi nyumbani, akitikisa vile unapandishwa lori unaenda kambini, inaweza kuwa miaka. Cucu wangu, yaani bibi yangu, aliyefungiwa kwenye kijiji cha emajensi, kile cha kuzungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, alisema kilichowaumiza zaidi ya viboko ni kutojua ni nani alikuwa ndani ya lile gunia. Jirani? Shemeji? Mtu uliyekula naye jana? Watu wamezeeka na hilo swali, kuna familia mpaka leo haziingiliani kwa sababu ya kushukiana tu, na aliyekuwa ndani alishakufa zamani.

Hapa kwenu gunia linaitwa "hatuthibitishi wala hatukanushi", lile jibu la serikali kila ikiulizwa kama fulani alikuwa wakala wake. Ni lile lile.

Chukua kesi ya Sean Brown. Mei 1997, vurugu zikiwa zinaelekea kuisha, huyu mzee wa miaka 61, mwenyekiti wa klabu ya michezo ya Bellaghy, anafunga geti la klabu usiku, anakamatwa, anatiwa kwenye gari lake mwenyewe, anapatikana Randalstown amepigwa risasi. Waliomuua ni wanamgambo wa upande wa Uingereza. Familia imesubiri zaidi ya robo karne. Halafu 2024 korti ya uchunguzi wa vifo inaambiwa kwamba habari za kijasusi zinawahusisha zaidi ya watu 25 na mauaji yale na miongoni mwao mawakala kadhaa wa serikali, na hakimu anasema hawezi kuendelea kwa sababu vitu vimefichwa mno, ni afadhali kuwe na tume ya uchunguzi wa hadhara. Ukakataa. Mahakama Kuu ikasema unda tume, Mahakama ya Rufaa Aprili 2025 ikasema unda, serikali yako ikaenda Mahakama ya Juu London. Mwezi uliofuata maelfu ya watu walitembea Bellaghy na mjane wake wa miaka 87 akiwa nao. Mheshimiwa, miaka 87! Mimi nafanya kazi na watu wa umri huo, najua miezi sita ni nini kwao.

Siandiki hii kukutukana. Umefanya mambo ambayo waliokutangulia walikataa katakata. Ile sheria ya 2023 waliyoipitisha wakati vyama vyote vikubwa vya hapa vinaipinga, ya kuwapa kinga waliokubali kusema kidogo, ya kuzuia kesi mpya za madai, na ya kufunga uchunguzi wa vifo kortini kuanzia tarehe 1 Mei 2024, mlisema mtaifuta na mmeanza kuifuta. Septemba 2024 ulisimama bungeni ukatangaza tume ya Pat Finucane, yule wakili aliyeuawa nyumbani kwake 1989 mbele ya mkewe na watoto watatu, kitu ambacho familia iliomba tangu mimi nikiwa primari. Septemba 2025 mkakubaliana na Dublin, yaani serikali ya Ireland, mfumo mpya wa kushughulikia kesi hizi, Oktoba ukaleta muswada. Na kabla ya haya yote ulikuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa 2003 mpaka 2007, Afrika unaijua, na baba yako Tony Benn alikuwa na wale wabunge waliopiga kelele kuhusu makoloni wakati kelele hizo hazina kura. Ndio maana nakuandikia wewe nikiwa na tumaini kidogo, wengine nisingejisumbua.

Lakini ufunguo umebaki nao. Chini ya ile sheria ya 2023 tume iliyoundwa nayo kuchunguza vifo vya Troubles haiwezi kutoa siri nyeti kwa familia mpaka waziri akubali, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa Belfast ikasema waziri kuwa na neno la mwisho hivyo kunavunja haki za binadamu. Mlifanyaje? Mkakata rufaa. Na kwenye muswada wa Oktoba bado waziri ndiye mwenye sauti kuhusu ipi itoke na ipi ibaki, hata kama mmeongeza masharti. Labda wewe ni mtu mzuri, sibishi, lakini wewe utaondoka na atakuja mwingine, na idara inayotakiwa kufunguliwa faili ndiyo itakayomshauri afungue au asifungue.

Sisi tunajua hii hadithi inavyoenda. Tarehe 3 Machi 1959 kambi ya Hola wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Tarehe 30 Januari 1972 Derry wanajeshi wakaua watu 13 kwenye maandamano, wa 14 akafa baadaye, na Jaji Widgery akamaliza ripoti yake ndani ya wiki kumi na kitu akiwalaumu walioandamana, ikabidi kungoja uchunguzi wa pili, wa Jaji Saville, mpaka Juni 2010 ndio waziri mkuu Cameron akasema bungeni kwamba hakukuwa na sababu yoyote. Miaka 38. Na Oktoba 2025 mwanajeshi mmoja, yule wa herufi F aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo ya Derry, akaachiwa huru maana ushahidi uliobaki ulikuwa wa karatasi za 1972 tu na hauwezi kuhojiwa kizimbani. Mimi siwezi kumlaumu jaji, alihukumu kwa alichonacho. Nalaumu wale waliokaa juu ya kesi mpaka ikawa hivyo.

Sasa angalia kesi ya wazee wetu wa Mau Mau, kwa sababu hapa ndipo nataka usimame kidogo. 2009 walifungua kesi London. Serikali ikajitetea kwanza kwamba deni lilihamia kwa serikali ya Kenya 1963, yaani waliotesa ni wenyewe wakoloni lakini wa kulipa ni Jomo Kenyatta, nilicheka nikasikia kulia. Jaji McCombe akakataa. Ikaja ya pili kwamba muda umepita. Hapo katikati, 2011, kwa sababu korti na wanahistoria walibana, likatokea jambo la Hanslope Park, ile stoo ya serikali yenye uzio ambamo kulikuwa na maelfu ya faili zilizobebwa kutoka makoloni 37, za Kenya peke yake kama 1,500, zilizokuwa zimefichwa nusu karne. Na Oktoba 2012 jaji alipokataa hoja ya muda, moja ya sababu ni kwamba karatasi zipo za kutosha kusikiliza kesi kwa haki. Juni 2013 William Hague akasimama bungeni akaeleza majuto, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kidogo, lakini ilikuja. Wale wengine zaidi ya 40,000 waliofuata na kesi yao, 2018 wakaambiwa muda umepita, wakarudi mikono mitupu.

Unaona? Hakuna waziri aliyeamka asubuhi akaamua kufungua stoo. Ni korti iliyogonga mlango mpaka ukafunguka. Hata wale wa Ballykelly ni hivyo hivyo, mpaka waandishi wa RTÉ, televisheni ya Ireland, 2014 walipofukua kwenye hifadhi barua ya 1977 ya waziri Merlyn Rees kwa waziri mkuu ikisema uamuzi wa kutumia zile mbinu ulitoka kwa mawaziri. 2021 Mahakama ya Juu ikasema polisi walikosea kukataa kuchunguza, 2023 polisi wakaomba radhi. Wengine kati ya wale 14 walikuwa wameshazikwa.

Najua utajibu nini, kwamba ukimtaja wakala mmoja hakuna atakayekubali kuwa wakala tena, na watu watakufa. Hoja nzito, siidharau. Ila tayari mtu wenu mwenyewe alishaipima. Jon Boutcher aliongoza uchunguzi wa Kenova kuhusu yule wakala wa jeshi ndani ya IRA, lile kundi la wapiganaji wanaotaka Ireland moja, aliyeitwa Stakeknife, na ripoti yake ya Machi 2024 ikasema kwamba pengine maisha yaliyopotea kwa sababu yake ni mengi kuliko yaliyookolewa. Mauaji yaliachwa yatokee ili wakala asigundulike. Leo Boutcher ndiye mkuu wa PSNI, polisi wa Ireland Kaskazini. Muulize kwenye kikao kijacho, ofisi zenu haziko mbali.

Na hapa kwenye polisi nina sababu yangu binafsi kabisa. Agosti 2024 maduka na mikahawa ya wageni yalichomwa Belfast, Juni 2025 Ballymena watu walichomewa nyumba wakiwa ndani, wengine wakabandika bendera na karatasi mlangoni kueleza wao ni watu wa wapi ili waachwe. Usiku kama huo mtu mweusi anamtegemea polisi, hakuna mwingine. Na polisi hao hawatoshi. Ripoti ya Patten ya 1999, ile ya kurekebisha polisi, ilisema wawe 7,500, leo wako chini ya 6,500. Wakatoliki kwenye RUC, polisi wa kabla ya PSNI, walikuwa kama asilimia 8, PSNI wakapanda mpaka karibu theluthi kwa ule utaratibu wa kuajiri nusu Wakatoliki nusu wengine uliokoma 2011, halafu wakagota hapo, wakati sensa ya 2021 inasema waliolelewa Katoliki ni asilimia 45.7. Kijana wa Bellaghy aende kuvaa hiyo sare, amwambie nini bibi yake? Siri za 1997 ndizo zinazoninyima askari wa 2026 kwenye kona yangu.

Na ili nisionekane nina upande, IRA nao wana gunia lao. Kingsmill, Januari 1976, wafanyakazi 10 Waprotestanti walishushwa kwenye basi dogo wakapigwa risasi kando ya barabara, na waliofanya hivyo hawajasema neno. Kuna waliotoweka ambao mifupa yao haijapatikana mpaka leo. Polisi wa RUC zaidi ya 300 waliuawa na wajane wao nao wanasubiri. Dublin wameahidi kitengo maalum cha Garda, polisi wao, na tunangoja tuone. Kwetu pia ripoti ya tume ya ukweli ya 2013 inakula vumbi bungeni Nairobi, kwa hivyo sikuhubirii kutoka mbinguni. Lakini wewe unaandikiwa kama serikali, na serikali haiwezi kusema itafungua faili zake siku IRA itakapofungua zake.

Ninachoomba ni kwamba neno la mwisho kuhusu siri litoke ofisini kwako liende kwa jaji, asome faili yote akiwa amefunga mlango, apime, na jaji huyo awe na nguvu ya kusema hii familia itaijua hata kama idara inakunja uso. Hiyo inaingia kwenye muswada kwa kifungu kimoja.

Na ya Bellaghy haihitaji muswada. Inahitaji barua yenye sahihi yako, kwa anwani ya yule mama, wiki hii.

Wako,
Mkenya wa Belfast